Ukipandisha Windows, programu za picha, video na muziki zitafunguka?

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha msaada wa bure kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa umeingia sokoni Julai 29, 2015. Uamuzi huo umemwachia kila mwenye studio ya picha, duka la steshenari au chumba cha kurekodia muziki swali moja: akihamia Windows 11, programu anazozitegemea kwa riziki zitaendelea kufanya kazi?

Jibu fupi ni kwamba nyingi zitafunguka. Hata hivyo, jibu hilo fupi ndilo linaloweza kumponza mtu, kwa kuwa kufunguka kwa programu ni jambo moja na kufunguka kwa kazi iliyotengenezwa kwa programu hiyo ni jambo jingine.

Uzito wa swali hilo unaonekana zaidi katika miji midogo kuliko Dar es Salaam. Tuchukue mfano wa Nakapanya, kata iliyopo wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, takriban kilomita 66 mashariki ya mji wa Tunduru katika barabara iendayo Mangaka na Masasi. Kutoka hapo hadi Songea, makao makuu ya mkoa, ni safari ya zaidi ya kilomita 300.

Katika mji wa namna hiyo, kompyuta moja ndani ya fremu ya duka hubeba kazi nyingi. Hutumika kusafisha picha za pasipoti, kutengeneza kadi za mialiko, kuhariri video za harusi na sherehe za unyago, na mara nyingine kurekodi kwaya. Kompyuta hiyo ikisimama, duka zima limesimama, na fundi aliyebobea yuko mbali.

Aidha, diski ya kompyuta hiyo ndiyo kabati la kumbukumbu la wateja. Mtu huweza kurudi baada ya miaka mitano kuomba picha ya marehemu mama yake, iliyopigwa siku ya harusi ya mdogo wake, kwa sababu hana nyingine. Faili lake likigoma kufunguka, hakuna fidia inayoweza kulipwa.

Tarehe ya kusitishwa kwa Windows 10 nayo iliangukia katika mwezi ambao kwa kawaida minada ya korosho huanza katika mikoa ya Kusini. Fedha za korosho ndizo zinazochangamsha harusi na sherehe nyingi za huko. Huo si wakati wa kubahatisha na mashine ya kazi.

Kilichotokea na ambacho hakikutokea

Ni vyema kwanza kuondoa hofu isiyo na msingi. Kompyuta zenye Windows 10 hazikuzimika usiku wa Oktoba 14, 2025, wala hakuna programu ya picha au video iliyoacha kufunguka kwa sababu ya tarehe hiyo peke yake.

Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya kiusalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi. Kasoro mpya ikigunduliwa na wahalifu wa mtandao, kompyuta isiyopata marekebisho hubaki wazi. Kwa studio inayopokea flashi za wateja kutwa nzima, hatari hiyo si ndogo.

Microsoft iliweka muda wa nyongeza kwa watumiaji binafsi, unaoishia Oktoba 13, 2026. Njia zilizotangazwa za kujiunga zilikuwa kulipa dola 30 za Marekani, kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kuhifadhi mipangilio ya kompyuta katika akaunti ya Microsoft bila malipo.

Athari nyingine huja polepole. Watengenezaji wa programu za ubunifu hawaendelei milele kutengeneza matoleo mapya kwa ajili ya mfumo wa zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Windows XP, ambayo msaada wake ulikoma Aprili 8, 2014, na kwa Windows 7, ambayo msaada wake ulikoma Januari 14, 2020.

Mwenye nyumba na mpangaji

Ili kuelewa kwa nini programu hugoma baada ya mfumo kubadilishwa, msomaji afikirie nyumba ya kupanga. Mfumo endeshi ni mwenye nyumba, na kila programu ni mpangaji.

Mpangaji hachimbi kisima chake wala havuti umeme wake, bali hutegemea vya mwenye nyumba. Vivyo hivyo, Photoshop inapotaka kufungua faili, kuchora kwenye kioo, kutuma picha kwenye printa au kupokea sauti kutoka kwenye kipaza sauti, huuomba mfumo endeshi kuifanyia kazi hiyo.

Mfumo unapopandishwa daraja, mwenye nyumba huwa amefanya ukarabati. Mabomba mengi huachwa yalipokuwa, na wapangaji wengi hawahisi tofauti. Lakini bomba moja likihamishwa au kuondolewa, mpangaji aliyekuwa akilitegemea hukosa maji, hata kama chumba chake hakikuguswa.

Kwa sababu hiyo, si sahihi kusema kwa jumla kwamba mfumo mpya unakubali au unakataa programu za zamani. Kila programu huangaliwa peke yake, toleo kwa toleo.

Mashine yenyewe inakubalika?

Kabla ya kuuliza habari za programu, mwenye kompyuta anapaswa kujua iwapo mashine yake inaruhusiwa kuwekewa Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021. Mfumo huo unadai kumbukumbu ya muda ya angalau gigabaiti 4, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, uwezo wa uwashaji salama na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0.

Kikwazo kikubwa zaidi ni umri wa prosesa. Ukiondoa chache, prosesa za Intel zinazokubalika ni za kuanzia kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa upande wa AMD, ni Ryzen za kuanzia mfululizo wa 2000.

Kizazi cha Intel Core husomwa kwenye namba inayofuata kistari. Prosesa iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6 na haikubaliki, wakati i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na inakubalika. Iliyoandikwa i7-10510U ni ya kizazi cha 10.

Jambo hili linawagusa wanunuzi wa kompyuta mpakato za mtumba. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6 na 840 G4 ni ya kizazi cha 7, hivyo zote mbili zimeachwa nje. Dada yao 840 G5, anayefanana nazo kwa umbo, anaruhusiwa akiwa na prosesa ya kizazi cha 8. Mnunuzi asiyesoma namba hizo anaweza kulipia mashine ambayo mlango wake umeshafungwa.

Wapo mafundi wanaoweza kulazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyokubalika. Microsoft imeonya kwamba kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kudai marekebisho. Kwa mtu anayehama kwa sababu ya usalama, hiyo ni sawa na kukimbia mvua na kujificha chini ya mchirizi.

Vikwazo vitano

Mashine ikikubalika, kuna mambo matano yanayoamua iwapo kazi itaendelea.

La kwanza ni aina ya mfumo. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee. Programu za biti 32 bado hufanya kazi ndani yake, lakini programu kongwe za biti 16, pamoja na baadhi ya visakinishi vya miaka ya 1990, hazifunguki kabisa.

Zaidi ya hayo, mwenye Windows 10 ya biti 32 hawezi kupanda moja kwa moja. Inambidi 'apige Windows' upya, yaani diski isafishwe na kila programu isakinishwe tena. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba diski ya usakinishaji au namba ya leseni ilipotea miaka mingi iliyopita.

La pili ni leseni. Programu nyingi za ubunifu huwasiliana na seva ya mtengenezaji zinaposakinishwa, na seva hiyo si ya milele. Desemba 2012, Adobe ilizima seva iliyokuwa ikithibitisha leseni za Creative Suite 2, ambayo ilikuwa imetoka mwaka 2005. Aliyenunua kihalali hakuweza tena kuisakinisha kwa njia ya kawaida, hadi kampuni ilipotoa nakala isiyohitaji uthibitisho huo.

Mei 2013, Adobe ilitangaza kuacha kuuza matoleo mapya ya Creative Suite na kuhamia malipo ya kila mwezi ya Creative Cloud. Creative Suite 6 ya mwaka 2012 ikawa ya mwisho ambayo mtu angeweza kuinunua mara moja na kubaki nayo. Katika Windows 10 na 11, Photoshop ya toleo hilo kwa kawaida hufunguka, lakini Adobe haiihudumii tena, na maandishi yake huonekana madogo mno kwenye vioo vya kisasa.

La tatu ni vifaa. Printa ya picha, skana, kibao cha kuchorea na kadi ya sauti vyote huhitaji draiva, yaani programu ndogo ya kukiunganisha kifaa na mfumo. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi katika mfumo wa biti 64, na Windows 11 ina ulinzi unaoweza kuzuia draiva za zamani hata kama ni za biti 64.

Hapa ndipo studio nyingi huweza kushangaa. Photoshop imefunguka, picha imependeza, lakini printa iliyokuwa ikiingiza fedha haitambuliki. Mtengenezaji asipotoa draiva mpya, dawa ni kununua printa nyingine.

La nne ni programu-jalizi, ambazo mafundi huziita plagini, pamoja na fonti. Adobe iliacha kutumia fonti za aina ya Type 1 katika Photoshop mwaka 2021 na katika programu zake nyingine kuanzia Januari 2023. Kitabu cha nyimbo au kalenda iliyosanifiwa kwa fonti hizo hufunguka ikiwa na onyo kwamba fonti haipo, na mistari yote huweza kuhama.

La tano, na ndilo zito kuliko yote, ni faili la mradi. Video ya harusi iliyokamilika na kuhifadhiwa kama MP4 itachezwa karibu kokote. Lakini faili la mradi, lenye vipande, sauti, maandishi na mpangilio wake, kwa kawaida husomwa na programu iliyolitengeneza peke yake. Programu hiyo ikifa, mradi umefungiwa ndani.

Programu zilizokufa zenyewe

Mara nyingine lawama si ya mfumo endeshi. ProShow, iliyopendwa sana kwa kutengeneza maonyesho ya picha za mnato zenye muziki, ilikuwa mali ya kampuni ya Photodex. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake Januari 31, 2020. Miradi iliyotengenezwa kwa ProShow bado imo katika diski za studio nyingi, lakini hakuna tena wa kuirekebisha programu iwapo mfumo mpya utaikataa.

Windows Movie Maker, ambayo kwa wahariri wengi wa video ilikuwa darasa la kwanza, iliondolewa na Microsoft katika orodha ya kupakuliwa Januari 10, 2017.

Adobe PageMaker, iliyotumika kupanga kurasa za vitabu na vipeperushi, iliishia toleo la 7.0 la mwaka 2001, na mwaka 2004 Adobe ilitangaza kuacha kuiendeleza. Kwa miaka kadhaa InDesign iliweza kufungua mafaili ya PageMaker, lakini uwezo huo uliishia InDesign CS6. Anayelipa Creative Cloud leo hawezi kulifungua faili la PageMaker kwa InDesign mpya.

Wenye steshenari wana la kuangalia katika Microsoft Publisher, inayotumika kutengeneza kadi, vyeti na ratiba. Microsoft ilitangaza kwamba msaada kwa programu hiyo utakoma Oktoba 2026 na kwamba itaondolewa katika Microsoft 365. Ushauri wa kampuni yenyewe ni kugeuza mafaili kuwa PDF au kuyahamishia katika programu nyingine wakati Publisher bado inafunguka.

Upande wa Mac

Watumiaji wa kompyuta za Apple wameshapitia mabadiliko makali zaidi. Mwaka 2011, mfumo wa Lion uliondoa uwezo wa kuendesha programu zilizoandikwa kwa prosesa za zamani za PowerPC, na Photoshop CS2 ikaachwa hapo. Mwaka 2017, mfumo wa High Sierra uliikataa Final Cut Pro 7, iliyokuwa tegemeo la wahariri wengi wa filamu.

Pigo kubwa lilikuja Oktoba 2019, Catalina ilipoacha kuendesha programu zote za biti 32. Photoshop CS6 yenyewe ilikuwa ya biti 64, lakini sehemu za usakinishaji na leseni zilikuwa za biti 32. Programu nzima ikakwama kwa sababu ya sehemu ambayo mtumiaji hakuijua wala kuiona.

Kuanzia Novemba 2020, Apple ilianza kuuza kompyuta zenye prosesa zake yenyewe, na programu zilizoandikwa kwa prosesa za Intel huendeshwa humo kwa msaada wa mkalimani aitwaye Rosetta 2. Juni 2025, kampuni ilitangaza kwamba mfumo wa Tahoe ndio wa mwisho kwa Mac zenye Intel, na kwamba Rosetta itaendelea kupatikana kwa ukamilifu hadi mfumo unaoifuata Tahoe.

Tahoe pia uliondoa uwezo wa kutumia waya wa FireWire. Waya huo ndio uliokuwa njia ya kawaida ya kuhamisha video kutoka kwenye kanda ndogo za MiniDV. Mwenye sanduku la kanda za harusi za miaka ya 2000 na Mac anayoitegemea kwa kazi hiyo hana sababu ya kuipandisha kabla kanda zote hazijahamishwa.

Studio za muziki

Katika muziki, mambo hutegemea zaidi plagini na vifaa vya sauti. Cubase, inayotumika katika studio nyingi za bongo fleva na za kwaya, ilikuwa ikilindwa kwa kifaa cha leseni kinachochomekwa kwenye kompyuta. Toleo la 12 la Machi 2022 lilikuwa la kwanza kutokihitaji, na Mei 2025 Steinberg, kampuni inayoitengeneza, ilifunga huduma ya mtandaoni ya vifaa hivyo.

Maana yake ni kwamba aliyebaki na toleo la zamani anaweza kuendelea mradi kifaa chake ni kizima na leseni imo ndani. Kikiharibika au kupotea, hakuna mahali pa kuirejesha leseni hiyo.

Vilevile, tangu toleo la 9 la mwishoni mwa mwaka 2016, Cubase haisomi plagini za biti 32. Wimbo uliorekodiwa kwa vinanda vya plagini hizo hufunguka ukiwa na mapengo: sauti ya mwimbaji ipo, gitaa na kinanda havipo.

FL Studio ni mfano wa upande mwingine. Mtengenezaji wake, Image-Line wa Ubelgiji, humpa mnunuzi matoleo yote yanayofuata bila malipo mapya. Mnunuzi huyo hupata unafuu kila mfumo unapobadilika, jambo linaloonyesha kwamba masharti ya leseni nayo ni sehemu ya uimara wa programu.

Programu 'zilizokrakiwa'

Haiwezekani kuzungumzia jambo hili nchini bila kugusa programu zilizovunjwa kufuli, ambazo mitaani huitwa 'zilizokrakiwa'. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda kazi nyingine za ubunifu. Msanii anayelalamika kwamba nyimbo zake zinaibwa huku akirekodi kwa programu ya wizi anasimama pande zote mbili za kesi.

Mbali na sheria, programu hizo ndizo dhaifu zaidi mfumo unapobadilishwa. Kufuli huvunjwa kwa kubadilisha mafaili ambayo ulinzi wa Windows hutambua kuwa ya hatari, na baada ya mfumo kupandishwa ulinzi huo huweza kuyafuta. Mwenye programu hana wa kumpigia simu, na fundi aliyemsakinishia huwa hana chanzo kingine ila kutafuta tena mtandaoni, mahali palipojaa virusi.

Njia mbadala zipo, na si duni kama ilivyodhaniwa zamani. GIMP na Krita hushughulikia picha na michoro, Inkscape hushughulikia nembo, Scribus hupanga kurasa, Kdenlive huhariri video na Audacity huhariri sauti, zote bila malipo. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kazi nyingi za harusi, ingawa linahitaji mashine yenye nguvu. Oktoba 2025, Affinity, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, nayo ilifanywa ya bure.

LibreOffice Draw, ambayo pia ni ya bure, inaweza kufungua mafaili ya PageMaker, Publisher na CorelDRAW. Mpangilio hauji kamili kila mara, lakini maandishi na picha hupatikana, na hilo ni bora kuliko kuandika upya kitabu kizima.

Nini kifanyike kabla ya kupandisha

Hatua ya kwanza ni kuandika orodha ya kila programu, toleo lake, leseni yake na plagini zake, pamoja na vifaa vyote vilivyounganishwa. Orodha hiyo ndiyo itakayotumika kuangalia katika tovuti ya kila mtengenezaji iwapo toleo husika limethibitishwa kwa mfumo mpya. Programu moja muhimu isipothibitishwa, subiri.

Hatua ya pili ni kutoa kazi zote muhimu katika muundo usiotegemea programu moja. Kadi na vitabu vihifadhiwe kama PDF, picha kama TIFF au JPEG ya ubora wa juu, video kama MP4. Kwa muziki, kila chombo na kila sauti itolewe peke yake kama faili la WAV linaloanzia mwanzo wa wimbo, ili hata programu nyingine iweze kuzipanga upya.

Kazi hiyo lazima ifanyike kabla ya kupandisha mfumo. Programu ikishagoma, mlango wa kuitoa kazi iliyo ndani yake umefungwa.

Hatua ya tatu ni kuweka nakala mbili katika diski mbili za nje, moja ikikaa mbali na duka. Flashi si mahali pa kuhifadhia kumbukumbu za miaka.

Hatua ya nne ni kuziondoa leseni katika kompyuta ya zamani kwa zile programu zinazoruhusu hivyo, kabla diski haijasafishwa. Leseni iliyoruhusiwa kwa kompyuta mbili huhesabu hata ile iliyokwisha kufutwa.

Hatua ya tano ni kujaribu kwanza. Diski mpya huwekwa ndani ya kompyuta, mfumo mpya husakinishwa humo, na ile ya zamani huwekwa kando bila kuguswa. Jaribio lisiishie kwenye kufungua programu. Fungua mradi wa zamani, uhariri, uhifadhi, uchapishe na usikilize hadi mwisho.

Aliyepanda moja kwa moja kutoka Windows 10 kwenda 11 ana siku 10 za kurudi alikotoka kwa kutumia mipangilio ya mfumo wenyewe. Baada ya hapo mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa, na kurudi kunamaanisha kusakinisha upya. Siku hizo 10 zitumike kwa majaribio, na zichaguliwe nje ya msimu wa harusi.

Hesabu ya bando nayo isisahaulike. Mfumo mpya ni gigabaiti kadhaa, na programu za kuhariri video huongeza nyingine nyingi. Fundi anayetoka mjini anaweza kuombwa aje na mafaili ya usakinishaji yaliyopakuliwa kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Kubaki nyuma si dhambi

Kwa baadhi ya studio, uamuzi wa busara ni kutopandisha kabisa kompyuta ya kazi. Mashine yenye programu, draiva na miradi ya zamani inaweza kuachwa kama ilivyo, ikaondolewa kwenye intaneti na isitumike kwa barua pepe wala miamala ya fedha. Mafaili ya wateja yakaguliwe virusi katika kompyuta nyingine kabla ya kuingizwa humo.

Kompyuta ya pili, hata ikiwa ya mtumba ya kizazi cha 8, ndiyo itumike kwa mtandao na kwa kazi mpya. Utaratibu huo hugharimu bei ya mashine moja, lakini huondoa ulazima wa kuchagua kati ya usalama na kumbukumbu za wateja.

Nao mpango huo una ukomo wake. Diski za mashine hizo zinazeeka, na siku moja hazitawaka. Kila mradi wa zamani unaofunguliwa leo na kuhifadhiwa kama PDF, WAV au MP4 ni kazi ambayo haitahitaji tena programu ile wala mfumo ule.

Kwa mwenye studio wa Nakapanya au wa Kariakoo, pa kuanzia ni pamoja: kazi ambazo mteja hana nakala yake nyingine popote. Hizo zitolewe kwanza, kabla mtu yeyote hajagusa kitufe cha kupandisha mfumo.